Suti Isiyofuliwa

Mke wangu Bernadette alifariki Jumanne moja katikati ya Februari, wakati Wachimbaji, timu yetu ya hoki ya barafuni, wako mkiani mwa ligi na wamefungwa mechi tisa mfululizo. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu hapa mjini Tamarack kila mtu aliyataja pamoja. Waliokuja nyumbani walinipa pole ya msiba, halafu wakasema na hiyo timu yako nayo, Arvo, jamani. Sikuwalaumu. Msiba hauna maneno mengi, lakini timu inayofungwa kila mtu ana la kuisemea.

Mimi ni mtunza vifaa wa Wachimbaji, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita. Ninanoa viatu vya barafu, ninafua jezi, ninashona glavu, ninaviringisha utepe kwenye magongo. Mechi ikianza nasimama nyuma ya benchi na bisibisi mfukoni, maana chuma cha kiatu kikichomoka, mchezaji wa hoki hana muda wa kukungoja utafute miwani. Ligi yetu ni ndogo. Vijana wanaocheza hapa ni wale walioambiwa na ligi kubwa kwamba hawafai, nao hawajakubali.

Ibada ya Bernadette ilifanyika Jumamosi asubuhi. Nilivaa suti nyeusi, ambayo ndiyo suti pekee niliyo nayo. Padri alisema yake, watu wakashuka chini ya kanisa kula mikate na kunywa kahawa, kisha gari la Erickson, ambaye maziko yote ya hapa ni kazi yake, likampeleka Bernadette makaburini na kumwingiza kwenye nyumba ya mawe. Kwetu aliyekufa wakati wa baridi hazikwi. Ardhi inaganda futi nne kwenda chini, ukiipiga sururu inarudi na kukutetemesha meno. Kwa hiyo marehemu wanawekwa kwenye nyumba ile, mmoja baada ya mwingine kama walivyofika, wanangoja Mei. Ikifika Mei wanazikwa kwa zamu hiyohiyo. Bernadette alikuwa wa nne.

Jioni ya siku hiyo kulikuwa na mechi. Kocha Tremblett alikuwa ameniambia nipumzike, lakini nilijua nani angenoa viatu kama si mimi: yeye mwenyewe, na angewakata watu miguu. Nikatoka kanisani moja kwa moja hadi uwanjani. Nilinoa jozi kumi na tisa nikiwa na suti na tai, cheche zikiniruka kwenye mikono, kisha nikaenda kusimama nyuma ya benchi nikiwa vilevile. Tukashinda tano kwa moja.

Vijana walikuwa wameshasahau namna ya kushangilia, walikumbatiana kwa aibu. Baadaye nahodha, Dale Pelkie, alikuja chumba cha kunolea. Pelkie ni mtoto wa hapahapa, ana miaka ishirini na tisa na hana meno manne ya mbele. Alinitazama kuanzia kwenye tai hadi viatuni.

"Mzee," akasema, "hiyo suti usiivue."

"Nitalala nayo?"

"Kulala vua. Ila kwenye mechi uwe nayo. Na usiifue."

Mtu asiyewajua watu wa hoki atadhani alikuwa anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Ukishaanza kushinda, hubadilishi kitu. Aliyekuwa hajanyoa ndevu hanyoi. Aliyeanza kufunga kamba ya kiatu cha kushoto ataanza na cha kushoto hadi mwisho wa dunia. Golikipa wetu Juris, Mlatvia mpole wa watu, siku ile alikuwa amekula mchana mayai matano na tango, na kuanzia hapo hatukumwona akila kingine siku ya mechi. Mimi nimewatukana kwa upuuzi huu miaka ishirini na sita, lakini sijawahi kuwavunjia. Nikawaambia sawa.

Mechi iliyofuata tukashinda tena, na nyingine, na nyingine. La kuvunda halina ubani, wazee ndivyo walivyokuwa wakiisema timu ile pale mkahawani, na sasa walewale walikuwa wanapanga foleni ya tiketi kwenye theluji. Ilipofika katikati ya Machi tulikuwa tumeshinda kumi na moja kati ya kumi na mbili. Nikiingia dukani kununua maziwa, akina mama walikuwa wananigusa mkono wa suti kwa ncha za vidole, kisha wanaomba radhi. Mwenye duka la vyuma alibandika dirishani picha yangu nikiwa nimesimama nyuma ya benchi, mweusi kama mzikaji katikati ya vijana wenye jezi za rangi ya shaba.

Watu wananiuliza nilijisikiaje siku zile. Sikujisikia. Wengine huzungumzia donge la kooni, au kuamka na kupapasa upande wa pili wa kitanda. Mimi niliamka nikiwa katikati ya kitanda na nimelala vizuri. Nilikuwa kama shavu ukitoka kwa daktari wa meno: unaligusa, unajua lipo, halina habari na wewe. Nilikula nilichowekewa na majirani hadi vyombo vyao vikaisha, halafu nikala maharage ya kopo. Mechi ilipofika nilijua nivae nini na nisimame wapi, na hilo lilinitosha. Kusema kweli lilinifaa sana.

Binti yetu Colette anaishi Green Bay, ni mwalimu. Alikuja mwishoni mwa Machi kupanga nguo za mama yake. Alinikuta jikoni nimevaa suti, maana jioni kulikuwa na mechi. Wakati huo mikono ya koti ilikuwa imetoboka matundu ya cheche, suruali imekakamaa kwa mafuta na vumbi la chuma, na harufu nadhani ilikuwepo, mimi nilishaizoea. Alisimama mlangoni na maboksi yake matupu.

"Baba, unanuka."

Nikamwambia tumeshinda kumi na nne.

"Hiyo ndiyo suti uliyomzikia mama."

"Mama yako hajazikwa."

Aliweka maboksi chini polepole. "Mimi najua hajazikwa," akasema. "Nakuuliza wewe kama unajua."

Nikafunga vifungo vya koti. Akaniambia Erickson amempa siku: Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa tano asubuhi. Mama zake wadogo watakuja kutoka Quebec, watu wameshaomba ruhusa kazini. Anachotaka kwangu ni vitu viwili tu, nifue hiyo suti na niwepo. Nikamjibu ligi inaisha wiki ya kwanza ya Aprili, asiwe na wasiwasi. Akauliza, na mkiingia kwenye mtoano? Nikamwambia timu iliyokuwa mkiani Februari haiingii kwenye mtoano, haijawahi kutokea. Nilisema hivyo na jedwali la ligi limebandikwa kwenye friji nyuma yake, na mimi ndiye niliyelibandika.

Tukaingia siku ya mwisho, kwa pointi moja. Raundi ya kwanza tukawatoa waliokuwa wa kwanza, watu ambao Januari walikuwa wametufunga saba bila. Raundi ya pili tulienda mechi zote tano. Mji ulichanganyikiwa. Shule ziliwaruhusu watoto mapema, padri alimaliza misa kwa dakika thelathini na tano. Nje theluji ilikuwa inayeyuka na kushuka barabarani kama mto, na mimi kila asubuhi nilipofika njia panda ya makaburini nilitazama upande wa ziwa. Huko hakukuwa na cha kutazama, ni barafu tu inayopasuka.

Fainali tulicheza na Wakata Magogo wa Burnham, huko ng'ambo ya mpaka wa Wisconsin. Baada ya mechi nne tulikuwa mbili kwa mbili. Ya tano ilipangwa kwao, Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa saba mchana. Basi letu lingeondoka saa mbili asubuhi.

Nilimpigia Erickson nikamwuliza kama anaweza kusogeza. Akasema Arvo bwana, zamu ni zamu. Kuna watu kumi na moja mle ndani, kila mmoja ana ndugu wanaotoka mbali, nikikusogeza wewe itabidi nikupeleke nyuma ya wote, karibu mwisho wa mwezi. Nikamwambia aache tu. Nikakata simu kabla hajasema lingine.

Ijumaa mchana Pelkie alikuja chumba cha kunolea akafunga mlango. Erickson ni mjomba wake. Katika mji huu hata ukipiga chafya, kuna mtu mtaa wa pili anayekwambia afya. Nilijua amekuja kufanya nini kabla hajafungua mdomo, nikawasha mashine ya kunolea ili asiseme. Akaizima.

"Mzee, kesho usije."

Nikamwuliza viatu atanoa nani.

"Noa leo. Kesho tutajua wenyewe." Akanionyesha suti, iliyokuwa imening'inia msumarini. "Tupe hiyo. Tutaitundika nyuma ya benchi, palepale unaposimama. Nimeshaongea na wenzangu, wote wamekubali. Hata Juris."

Nawaomba mlielewe jambo hili, kwa sababu mjini wanasimulia tofauti. Wanasema timu ilinishika, wanasema mzee Harju, yaani mimi, alijitoa kwa ajili ya mji. Si kweli. Timu iliniachia. Wale vijana, ambao walikuwa wanaogopa hata kubadilisha soksi, walikuwa tayari kwenda kucheza fainali bila mimi.

Nikamwambia suti bila mtu ndani yake ni kubadilisha. Wakifungwa watasema ni mimi.

"Hakuna atakayesema."

"Watasema."

"Basi waseme. Hii ni hoki tu, mzee."

Nilikasirika sana. Nimefanya kazi na manahodha kumi na mmoja, wengine walicheza na mbavu zimevunjika, na hakuna aliyewahi kusimama kwenye chumba changu akaniambia hii ni hoki tu. Nilimwambia atoke. Nilimwambia kama anataka kushindwa akashindwe na timu nyingine. Alinitazama kidogo, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Akatoka. Nikawasha mashine na kunoa viatu ambavyo nilikuwa nimeshavinoa.

Jioni Colette alipiga simu. Alikuwa ameshafika mjini, analala hotelini na mama zake wadogo kwa sababu hakutaka kulala nyumbani. Aliniuliza swali moja, kama nitakuja. Nikamwambia nitakuja. Mnaweza kuuita uongo, ila wakati nasema niliamini. Niliweka hata saa ya kuniamsha. Nilitoa shati jeupe kabatini nikalipiga pasi, na wakati nalipiga pasi nilijiona kabisa nimesimama makaburini, Colette kulia kwangu.

Asubuhi nilivaa shati na suti, nikanywa kahawa, nikatoka. Kwenye njia panda kulia ni makaburini, kushoto ni uwanjani. Ningependa kusema nilisimama pale nikapigana na nafsi yangu. Sikusimama. Nilikata kushoto kama nilivyokata kushoto kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita, na saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu ndani ya basi. Pelkie alipita, akaniona, akaenda kukaa nyuma bila salamu. Sikio la kufa halisikii dawa. Simu niliizima kabla hatujavuka daraja.

Saa tano asubuhi nilikuwa Burnham, kwenye kijichumba kisicho na dirisha, nanoa kiatu cha kushoto cha Pelkie. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Niliitazama ikifika saa tano kamili, na tano na dakika tano, na tano na robo. Nikapima makali kwa ukucha wa kidole gumba. Yalikuwa mazuri.

Mechi yenyewe mmeisikia. Ilikwenda mbili kwa mbili hadi muda wa nyongeza. Dakika ya sita chuma cha Pelkie kilichomoka, akaja benchi akitambaa kwa goti moja, nikapiga magoti na bisibisi, nikabadilisha kwa sekunde arobaini, tena kwa mikono iliyokuwa imetulia kama ya mtu anayemenya kiazi. Hakusema ahsante na sikuingoja. Akaruka ukuta akarudi barafuni, na kabla hajarudi benchi kile kisahani cheusi tunachochezea kiligonga mlingoti wa goli, kikamgonga golikipa wao mgongoni, kikaingia. Bao la kijinga. Misimu yote mizuri naona inaishia kwa bao la kijinga.

Nilijua ni furaha kwa sababu watu walikuwa wanarukaruka. Juris, mtu mzima mwenye ndevu hadi kifuani, alikuwa analia kama mtoto. Walinimwagia bia, wakanibeba, Kocha Tremblett akanibusu kipara, na mimi nikawa nahesabu magongo kwa macho nisije nikayasahau. Nilingoja kitu kije, kwa sababu nilifikiri kama kuna siku kitakuja ni leo. Hakikuja. Pelkie alinijia mwisho kabisa, akanipa mkono tu.

"Haya, mzee," akasema. "Imeisha. Nenda nyumbani."

Kurudi walikuwa wakiimba, njia nzima. Timu ikirudi na kombe, kwetu gari la zimamoto huja kuipokea pale barabara kuu inapokutana na ya mji na kuiongoza hadi uwanjani kwa king'ora, na jioni ile yalikuja matatu. Watu walijipanga pande zote mbili, wamebeba watoto mabegani. Ilikuwa saa moja na nusu, jua bado lipo. Niliposhuka kwenye basi watu walinikimbilia, wakaishika suti bila aibu sasa, mmoja alivuta kifungo akaenda nacho. Nyuma yao, karibu na gari lake, alisimama Colette.

Alikuwa na koti jeusi na viatu vya kisigino kifupi, na viatu vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kifundo cha mguu. Hakuja kunivuta. Alingoja watu wamalize. Nilipofika akasema, "Panda gari, Baba."

Tukaenda polepole kwa sababu ya watu. Nilidhani atanipigia kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alizungumza taratibu, kama anayemsimulia mgeni.

"Tulikusubiri," akasema. "Padri alitaka kuanza, nikamwambia bado, baba yangu yuko njiani. Nikaenda kusimama getini. Gari lolote lililokunja pale nilidhani ni lako. Nilisimama dakika ishirini, Baba, hadi watu wa zamu ya tano wakafika kumzika maiti wao, ikawa tunawachelewesha."

Nikamwuliza nani alishika nafasi yangu kwenye jeneza, maana wabebaji ni sita na ya mbele kushoto ilikuwa ya mume. Akasema Erickson. Kisha nikauliza swali la kipumbavu, sijui lilitoka wapi. Nilimwuliza kama alikuwa mzito.

Colette alisimamisha gari kuwapisha watoto wenye bendera. "Hapana," akasema. "Alikuwa mwepesi sana. Ungeweza kumbeba peke yako."

Hapo ndipo nilipompoteza Bernadette. Februari nilikuwa nimeambiwa tu. Nikashika dashibodi kwa mikono miwili. Nikamwambia geuza gari, twende sasa hivi, bado kuna mwanga, nipeleke kwa mama yako.

"Kesho," akasema. "Utaenda mwenyewe. Mimi leo nimechoka, nimeshazika."

Alinifikisha nyumbani, akazima gari, hakushuka. Nililia pale kwenye kiti, kamasi zikinishuka kwenye tai, nikimwita mke wangu kwa jina mbele ya mtoto wake, na Colette alitazama mbele na mikono yake iko kwenye usukani. Hakunigusa na hakuniambia ninyamaze. Huko barabarani magari yalikuwa yanapita yakipiga honi, na wengine waliponiona walipunguza mwendo wakanipungia mkono.